Nimegeuza mtindo wa mreteni wangu, sasa tawi moja linapauka. Kosa liko wapi?

#1 Kinyungu
Wakuu, habari za leo. Nina bonsai, yaani mti unaodumazwa chunguni, ya mreteni, aina ya shimpaku, niliyoilea miaka tisa. Ulikuwa mti wima wenye mpindo kidogo, sentimita 52 toka udongoni, na ulikuwa umeshakuwa kichaka: ukiutazama huoni shina, unaona mpira wa kijani umekaa juu ya chungu.

Wiki sita zilizopita nikaamua kuugeuza. Shina nimelilaza kushoto kama nyuzi 40. Tawi la juu kidogo ya katikati ndilo kichwa kipya. Kichwa cha zamani nimekimenya gome, kimekuwa jin, na kutoka hapo nimeshusha shari, ukanda uliomenywa gome, ya upana wa kidole upande wa mbele wa shina. Inakoma vidole vitatu juu ya udongo. Tawi la kwanza la kulia, ambalo sasa ndilo linalobeba umbo lote, nimelikunja chini kwa waya wa shaba wa milimita 4. Ni nene kama kidole cha shahada. Wakati wa kulikunja lilitoa mlio mmoja mdogo, tik, nikaacha papo hapo.

Sasa tawi hilo linapauka. Halijakauka wala halipukutishi kitu, ila kijani chake kimezimika, kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba juani. Matawi mengine yanang'aa na ncha zinasonga mbele. Nimekosea wapi, na je, kuna la kufanya?

#2 Fundi Waya
Hiyo "tik" ndiyo jibu lako mkuu. Ulifunga rafia, zile nyuzi za kukingia gome?

Tawi nene namna hiyo halikunjwi likiwa tupu. Unalowesha rafia, unazungusha tabaka mbili tatu ukivuta ibane kweli, ndipo waya ufuate. Upande wa nje wa mpindo ndiko gome linakovutika. Bila rafia linaachana na mbao, na likishaachana, tawi limekwisha hata kama bado ni kijani.

#3 Kinyungu
Rafia sikufunga. Ila nimekagua mpindo kwa lenzi, sioni ufa wowote.

#4 Fundi Waya
Ufa wa ndani hauonekani kwa lenzi.

#5 Utomvu
Naomba nimpinge Fundi. Mlio peke yake hauui tawi. Kuna watu hulipasua tawi nene kwa makusudi, katikati kwa urefu wake, ili likubali kukunjwa, na linaishi. Mradi gome na tabaka changa la mbao chini yake vimebaki vimeungana, maji yatapita.

Mimi naitilia shaka shari. Mreteni haugawi maji kwa usawa. Mzizi fulani unalisha tawi fulani kupitia mshipa wake, na mshipa huo unapanda kwa kufuata msokoto wa shina. Ukiukata, tawi lililo juu yake halipati pa kukopa. Kinyungu, shari yako imepita chini ya tawi la kwanza?

#6 Kinyungu
Hapana, imepita mbele, tawi liko kulia. Katikati yao kumebaki gome kama sentimita moja na nusu.

#7 Utomvu
Mbele ukitazama kwa macho. Shina lako limesokotwa? Fuata mistari ya gome kwa ncha ya kalamu kutoka tawi hadi chini. Ikiwa inapanda ikizunguka, kilichoko mbele kule chini ndicho kilichoko kulia huku juu. Hapo utakuwa umelikata tawi hujui.

#8 Chipukizi07
Samahani wakubwa, mimi mgeni humu. Mti una jini kweli? Nimesoma mara mbili.

#9 Mama Vyungu
Karibu mwanangu. Jin ni neno la Kijapani: tawi lililokufa, likamenywa gome, ikabaki mbao nyeupe. Kifo hicho hicho kikiwa kwenye shina huitwa shari. Huko milimani mireteni hupigwa na theluji, upepo na radi, upande mmoja ukafa na mwingine ukaendelea kuishi miaka mingi. Sisi tunaiga hilo kwa kisu. Huo mti haujarogwa.

#10 Shina Pinda
Jini na shari kwenye shina moja, halafu Kinyungu anauliza kwa nini tawi linapauka!

Kwa dhati sasa: mbao nyeupe uliipaka chokaa-salfa? Lini, na uliufunika udongo?

#11 Kinyungu
Wiki ya pili. Udongo sikuufunika wote, niliweka kitambaa upande wa mbele tu. Yalidondoka matone machache upande wa kulia, nikamwagilia palepale.

#12 Shina Pinda
Basi na hilo liweke kwenye orodha. Dawa ile inazuia mbao isioze na kuifanya nyeupe, lakini mizizi midogo haiipendi hata kidogo. Mimi hufunika udongo wote kwa plastiki na kuifunga shinani kwa kitambaa kinachonyonya. Na husubiri zaidi ya wiki mbili, kingo za kidonda zikauke kwanza.

#13 Mzee Gome
Nimesoma uzi wote tangu juu na kuna jambo limewapita. Kinyungu ameandika #1 kwamba shina "amelilaza nyuzi 40". Shina la bonsai halilali likiwa limefungwa ndani ya chungu chake. Kijana, uliutoa kwenye chungu?

#14 Kinyungu
Ndiyo mzee, siku hiyo hiyo. Nilipunguza mizizi kama robo. Nilipoulaza kushoto, mizizi ya kulia iliinuka juu ya udongo. Mmoja ulikuwa mnene na umesimama vibaya, nikaukata.

#15 Mzee Gome
Shukrani kwa kusema wazi. Na majani ulipunguza kiasi gani? Nipe hesabu ya kweli.

#16 Kinyungu
Zaidi ya nusu. Pengine sehemu sita kati ya kumi. Nilipoanza kufungua kichaka nikaona shina zuri, mkono haukusimama.

#17 Mzee Gome
Nakuelewa. Kulikuwa na mpindo umefichwa miaka yote, ukauona mara ya kwanza, ukataka uonekane wote leo. Sote tumewahi kusimama hapo na mkasi mkononi.

Lakini tazama ulichoufanyia mti kwa siku moja. Majani nusu yameondoka, na kwa mreteni majani ndiyo jiko lenyewe. Mizizi robo imeondoka. Gome la mbele limeondoka. Tawi kubwa limekunjwa. Kila moja peke yake mti wenye afya unaibeba. Zote pamoja, tawi ambalo halikuwa na bahati ndilo linalolipa. Mimi hugeuza umbo mwaka mmoja nikiuacha kwenye chungu chake, na pembe ya shina naitengeneza kwa kuinua chungu kwenye kipande cha ubao. Mwaka unaofuata, au wa tatu, ndipo nahamisha chungu.

#18 Utomvu
Mzizi mnene wa kulia umekatwa, tawi la kulia linapauka. Kwangu mjadala umekwisha. Shari naiachia huru, ila Fundi na "tik" yake anidai chai nikikosea.

#19 Fundi Waya
Haujakwisha. Kama ni mzizi, mbona tawi la pili la kulia liko sawa? Nalo liko mstari uleule, juu kidogo. Kinyungu amesema #1 matawi mengine yote yanang'aa. Lililopauka ni lile tu lililokunjwa.

#20 Utomvu
Hoja hiyo nakupa. Ila tawi la pili linaweza likawa linalishwa na mshipa wa nyuma. Tunarudi kwenye msokoto.

#21 Mama Vyungu
Mnazungumza kukata, hakuna anayeuliza maji. Nina kisa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mireteni miwili mama mmoja, vipandikizi vya mwaka mmoja, chungu sawa, udongo sawa wa akadama na pumisi. Niliigeuza yote wikendi moja, kwa kiasi kilekile. Mmoja niliuweka kwenye kona yenye kivuli nyuma ya vyungu vikubwa na nikawa naupitia na maji kila asubuhi kama zamani. Wa pili ulikuwa mezani kwenye upepo. Ule wa kivulini ulipauka na kufa, wa mezani upo hadi leo. Nilipoutoa uliokufa, udongo wa chini ulikuwa baridi na umenata, mizizi myeusi.

Mti uliopunguziwa majani nusu haunywi kama zamani. Unamwagilia kwa mazoea, chungu kinabaki kimelowa siku tatu, mizizi mipya iliyokatwa inakosa hewa. Kinyungu, chomeka kijiti cha mianzi ukiache nusu saa, kisha ukivute ukiguse shavuni. Kikiwa baridi na kimelowa, weka chini ndoo.

#22 Kinyungu
Nimefanya sasa hivi. Kimelowa theluthi ya chini, juu kikavu. Nilimwagilia jana asubuhi.

#23 Mama Vyungu
Si mbaya, na si nzuri.

#24 Kijani Kibichi
Mbona mnamtisha? Kimura wa Japani anachukua mreteni wa mlimani, kwa siku moja anaukata, anaupinda, anautoa nusu ya mwili, na mti unakuwa maarufu. Kugeuza ni ujasiri.

#25 Mzee Gome
Masahiko Kimura ni fundi wa kipekee na sina neno juu yake. Lakini picha mbili za kabla na baada zinaonyesha siku moja ya kazi. Hazionyeshi mti ulivyotiwa nguvu kabla, wala ulivyouguzwa baadaye. Usipime haraka yako kwa picha za mwenzio.

#26 Kijani Kibichi
Sawa mzee. Lakini hata Goshin, ile bonsai ya John Naka yenye mireteni saba, aliifanya kwa kujaribu tu.

#27 Mwanabotania
Goshin ni miti 11, si saba. Ni aina ya Foemina, kila mti kwa ajili ya mjukuu. Naka aliianza mwaka 1948 na kuitoa zawadi mwaka 1984, sasa iko Washington, Marekani. Kati ya miaka hiyo miwili kuna 36. Hakuna haraka hapo.

Na kwa kuwa Foemina imetajwa: majani yake ni ya sindano tangu mwanzo hadi mwisho. Shimpaku ana majani ya magamba laini. Kinyungu, hilo tawi limeanza kutoa sindano? Shimpaku aliyeshtuka kwa kukatwa sana hurudia majani ya kitoto, yanachoma mkononi. Hiyo ni dalili kwamba tawi linapigana, si kwamba linakufa.

#28 Kinyungu
Sindano zipo, lakini kwenye kichwa kipya. Kwenye tawi lililopauka hakuna kinachoota, si sindano wala magamba.

#29 Mwanabotania
Hapo ndipo ningeogopa. Kupauka bila kuota.

Sindano za kichwani ziache, usizikate. Zitarudi magamba zenyewe mti ukitulia, pengine baada ya misimu miwili mitatu. Ukizikata utaletewa sindano zaidi.

#30 Shina Pinda
Kuna mtu amekagua wadudu? Utitiri wa buibui hupausha kijani vilevile, kama vumbi lililokaa. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara tatu, kisha tazama. Vidoa vikianza kutembea, pangusa kwa kidole. Vikiacha mstari mwekundu, umepata mwizi.

#31 Kinyungu
Nimegonga. Vidoa viwili vimetembea. Nimegonga na tawi zima la kushoto kulinganisha, navyo viwili.

#32 Shina Pinda
Viwili si jeshi. Lakini osha chini ya majani kwa maji yenye nguvu kidogo, kila siku ya tatu. Hata kama sio wao waliolianza, tawi dhaifu ndilo watakalolimalizia.

#33 Ngamizi
Nje ya mada kidogo: "mreteni" ndio ule mretemu aliokaa Eliya chini yake akiomba afe?

#34 Mwanabotania
Hapana, ingawa majina yanafanana na tafsiri za zamani za Kiingereza ziliuita juniper, yaani mreteni. Mretemu ni kichaka cha jangwani cha jamii ya kunde, una maua meupe. Mreteni ni wa jamii ya misanduku na mivinje ya bustani, ile yenye vikoni. Ndugu yake wa milima ya Afrika ni mwangati, Juniperus procera, mti mrefu wa mbao.

#35 Ngamizi
Shukrani. Kwa hiyo Eliya hakuwa na bonsai.

#36 Fundi Waya
Turudi. Kinyungu, nakushauri ufungue waya pale kwenye mpindo, ulegeze kidogo tu, robo ya ulichokunja.

#37 Mzee Gome
Usifungue! Nyuzi zilizovutika zimeanza kushikana upya. Ukilirudisha tawi unazichana mara ya pili. Waya ubaki, mkono ukae mbali.

#38 Fundi Waya
Mzee, nakuheshimu, lakini tawi lililobanwa upande wa ndani wa mpindo gome lake limekunjamana. Likilegezwa linapumua.

#39 Mzee Gome
Nami nakuheshimu. Nimeshalegeza mawili, yote yakafa.

#40 Mama Vyungu
Mimi nimelegeza moja likapona. Sasa asikilize nani?

#41 Kijani Kibichi
Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Tawi la miaka tisa lishakuwa mkavu, lingeachwa.

#42 Fundi Waya
Kwa samaki kweli. Mreteni unakunjika hata ukiwa na miaka 50, ndiyo sababu tunaupenda. Ila umfunge rafia.

#43 Chipukizi07
Wakubwa, nami nina mreteni, nilipewa zawadi. Uko sebuleni juu ya kabati, miezi mitatu sasa. Kijani kizuri tu, haupauki. Niuanze kugeuza?

#44 Mama Vyungu
Mwanangu, utoe nje leo. Mreteni si mti wa sebuleni. Unataka jua, upepo, na baridi ya usiku. Kugeuza kusubiri mwaka.

#45 Mzee Gome
Na kijani kisikudanganye. Mreteni unaweza kufa leo ukaja kuonyesha baada ya wiki, hata miezi. Majani yake ni makavu kwa asili, yanashikilia rangi kama maua yaliyobanwa kitabuni. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha, upana wa punje ya mchele. Chini yake pakiwa kijani na unyevu, mti uko hai.

#46 Kinyungu
Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Nimefuata mistari ya gome kama alivyosema Utomvu #7: shina linazunguka, lakini kidogo, mshipa wa tawi la kwanza unapita pembeni mwa shari kwa upana wa kalamu. Sijaukata, ila nimeukaribia sana. Waya sijaugusa.

Leo nimekwaruza sehemu nne. Shingoni mwa tawi, karibu na shina: kijani. Baada ya mpindo, upande wa juu: kijani, ingawa pamefifia. Baada ya mpindo, upande wa chini: kahawia, pakavu. Nchani: kahawia. Wingu dogo la majani lililo karibu na shina limerudisha rangi kabisa, hata limetoa ncha mbili.

#47 Utomvu
Upande wa chini kahawia! Huo ndio unaolishwa na mzizi ulioukata. Tazama, nusu ya tawi imekufa kwa mstari, kama inavyokuwa mshipa ukikatwa.

#48 Fundi Waya
Upande wa chini ndio wa ndani wa mpindo. Ndipo nilipotaja #38, gome limekunjamana likafa. Na kifo kinaanzia baada ya mpindo, shingoni ni kijani. Kama ni mzizi, kungekauka tangu shinani.

#49 Utomvu
Hukukwaruza shingo upande wa chini, Kinyungu. Umesema "shingoni" tu.

#50 Kinyungu
Kweli. Nilikwaruza juu. Ila sitaki kuliongezea vidonda.

#51 Mzee Gome
Usiongeze. Acha wanaume hawa wabishane, mti upumzike. Usikate ncha zilizokauka bado, usitie mbolea kali, jua la asubuhi linatosha. Wingu la karibu na shina likiendelea, tawi utalifupisha hapo na kilichobaki mbele kitakuwa jin. Umbo litakuwa jembamba kuliko ulivyochora, na mbele ya mti huenda ikasogea kulia kidogo. Mreteni hauchipui kwenye mbao tupu, kwa hiyo hilo wingu ndilo tawi lako sasa. Lilinde na jua la mchana.

#52 Kinyungu
Nimekipenda. Nimeuzungusha chungu nyuzi 15 na kutazama. Ile sehemu iliyokauka inaelekea chini kama mkono, na wingu liko nyuma yake. Sikuwa nimewahi kuuona hivyo.

#53 Fundi Waya
Weka picha.

#54 Shina Pinda
Na safari hii ufunike udongo wote kabla ya chokaa-salfa.

#55 Chipukizi07
Niliutoa nje siku ileile mliyoniambia. Leo nimekwaruza kama mzee alivyoelekeza. Tawi la juu kahawia. La kati kahawia. La chini kahawia. Majani bado ni kijani kuliko ya Kinyungu.

#56 Mama Vyungu
Pole mwanangu. Kabla hujautoa chunguni, kwaruza shina lenyewe, pale linapoingia udongoni, pande zote mbili. Halafu uje utuambie.